Sindano na Tongotongo Zake

Nilipokuwa mtoto pale Buzebazeba, mtaa ulio karibu na ziwa, nyumba yetu ilikuwa na mbwa aliyetutia aibu kila siku iendayo kwa Mungu. Jina lake Sindano. Baba alikuwa dereva wa bwana mmoja wa serikali aliyeletwa kutoka Dar, na bwana huyo alipohamishwa akamwachia Baba mbwa wake wa kizungu, wale wa mbio: miguu mirefu kama ya ndama, kiuno cha nyigu, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Baba alijiona amepewa gari.

Gari gani! Sindano alikula ugali wa muhogo na mawese sufuria nzima, asinenepe hata kidogo. Wapita njia wakatuuliza, "Huyo mbwa mnamlisha nini, salamu?" Mvua ikinyesha anatetemeka, tena juu ya kochi la Mama. Wezi walipobeba ndoo zetu mbili uani, aliwatazama tu. Kubweka hajui. Ukimwita, anakugeuzia kisogo. Lakini akiona kitu kinakimbia, hata kama ni mfuko wa plastiki unapeperuka, hapo ndipo utamjua: yeye ameshafika Bangwe, wewe bado unatafuta ndala. Alinichosha mno mbwa yule. Na nilimpenda, jambo lililoniudhi zaidi.

Bibi, mama yake Baba, Muha kindakindaki, hakumtaka hata kidogo. Kila asubuhi Sindano hukaa getini, kanyoosha shingo, akitazama mteremko unaoshuka ziwani, kimya. Bibi naye husimama na ufagio wake akimtazama.

"Imbwa asiyebweka anaona," alisema siku moja.

"Anaona nini, Bibi?"

"Vyake. Na wewe usiniletee mchezo na macho yake."

Nilijua anachokisema. Watoto wote tulijua: ukijipaka tongotongo za mbwa machoni, utaona anayoyaona mbwa, wachawi na majini, hata mchana kweupe.

Basi siku moja Sindano akamfukuza kunguru, akapita katikati ya dagaa za jirani yetu Mama Zuhura, alizozianika uani juu ya turubai. Zote vumbini. Mama Zuhura akaja mlangoni kwetu na turubai tupu mkononi.

"Baba Neema, nimevumilia. Wallahi nimevumilia. Huyu si mbwa. Anakula hashibi, anakodolea macho pasipo mtu. Ana watu wake huyu, wa ziwani. Mtoeni kabla hajatuletea makubwa."

Baba akaomba radhi kwa ajili ya dagaa, lakini hayo mengine akasema ni ushirikina. Bibi akasema ushirikina au si ushirikina, hataki balaa nyumbani kwa mwanawe. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Baba akachoka, akasema: likitokea jambo lolote, hata dogo, mbwa anaondoka.

Mimi nikaamua kumtetea Sindano kwa ushahidi. Jamani, akili ya miaka tisa! Nijipake, nione anachokiona, kisha niwaambie watu wazima kwamba hakuna kitu. Nikamkamata nyuma ya choo, nikamtoa tongotongo kwa kidole, nikajipaka macho yote mawili. Halafu nikakaa naye getini. Sindano akasimamisha masikio. Nikakodoa na mimi. Kule chini, mbali, karibu na barabara, kulikuwa na kuku. Kuku mmoja mwekundu, anachakura zake. Sindano akachomoka. Nilicheka peke yangu. Mwaka mzima watu wazima na akili zao wanaogopa kuku!

Kesho yake macho yangu hayakufunguka. Yamevimba, yamegandana kwa usaha. Mama akanibeba mgongoni mpaka zahanati.

"Umejipaka nini wewe?" nesi akauliza.

"Vumbi," nikasema.

Tuliporudi, nilimsikia Mama Zuhura uani kwetu: "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Safari hii Baba hakutaja ushirikina. Aliingia ndani tu.

Lilikuwa jambo la sentensi moja. Ningesema nilijipaka mwenyewe, ningechapwa, basi, yangekwisha. Nikanyamaza. Niliogopa fimbo ya Mama, na niliogopa zaidi kuchekwa. Bibi ndiye aliyenitia dawa, asubuhi na jioni, na kila mara aliniuliza, "Huna neno, mjukuu wangu?"

"Sina, Bibi."

Siku ya nne niliweza kuona. Nilichokiona ni Sindano akipandishwa kwenye pikapu ya mtu wa Kasulu aliyetaka mbwa wa kuwindia sungura. Hakulia, hakugeuka. Alikaa wima katikati ya magunia, mjinga yule, kana kwamba anapelekwa matembezi. Nililia mpaka macho yakavimba upya, na Mama Zuhura akasema hayo ndiyo majini yanamtafuta mwenzao.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nikaenda kumwungamia Bibi. Nilidhani nitamshangaza. Alikuwa anachambua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Nilijua siku ile ile. Kidole chako kilinuka mbwa."

Nikawaka. "Bibi! Ulijua, ukamwacha aende?"

"Baba yako alitaka kumtoa siku ile uliyoumwa. Mimi nikamzuia. Nikamwambia, ngoja kwanza, mtoto atasema." Akatupa punje mbovu pembeni. "Nilikungoja siku tatu, Neema. Mbwa hakuwa wangu, hata nikusemee mimi."

Niliondoka nimenuna, na kwa wiki nzima nilimkasirikia bibi wa watu. Kwa nini asiseme yeye, mtu mzima? Nimemlaumu yeye, nimemlaumu Mama Zuhura, nimeilaumu imani yao, na mbwa mwenyewe nimemlaumu kwa kutojua hata kubweka ajitetee. Hasira zikiisha nabaki na jambo moja. Mbwa yule alikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo alikuwa anaogopa kuchapwa.