Siku Baba Alipofanyiwa Usaili wa Dada

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1982, saa tisa na nusu alasiri, profesa aliingia kwetu Ibadakuli akavua viatu mlangoni. Soksi zake zilinuka hadi jikoni.

Alitoka Geita kupima mawe ya dhahabu, akisubiri ndege ya kesho yake. Chuo chake cha sayansi kilikuwa kimetangaza nafasi za watafiti. Dada, mwenye digrii ya kemia, aliomba, na profesa alisema atamfanyia usaili nyumbani, maana tunakaa karibu na uwanja wa ndege. Dada hakulala wiki nzima, anasoma.

Mama alimchinja kuku wangu wa mayai.

Dada alipiga goti, akamnawisha profesa mikono, kisha akarudi nyuma ya pazia kungoja kuitwa. Mgeni akala firigisi. Mvuke ukamjaa kwenye miwani, akaivua akaifuta kwa kitambaa cha mezani alichofuma mama. Akanyonya mifupa na kuitema pembeni ya sahani. Nilikuwa nimeshika jagi la maji, sina pa kutazama.

"Binti anajua kupima dhahabu kwenye mawe?" akamuuliza baba.

"Anajua sana," akasema baba, karani wa ginneri ya pamba. "Na ugali huo kapika yeye."

"Basi anafaa. Ila kazi ni porini Geita, mzee. Kulala kwenye hema, jirani na wachimbaji."

Baba akacheka. "Mtoto wa kike hemani? Mama yake atanifia."

"Ndivyo nilivyowaza. Nitampa kijana mwingine." Kisha akaomba chumvi.

Dada aliileta. Akapiga goti tena.

Mwaka wake wa tatu chuoni dada alilala hemani likizo nzima, akikusanya mawe, baba akidhani yuko bwenini. Mgeni alipoondoka nilimfuata dada jikoni.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mdogo wangu? Nani kaniuliza?" Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata.

Jioni baba aliiona miwani ya profesa chini ya kiti. "Kesho utampelekea uwanjani," akaniambia. "Umsalimie vizuri, umpe kwa mikono miwili."

Mimi hata mwalimu wa zamu huwa namkimbia. Ningemwambia nini profesa?

Asubuhi baba aliponiita nilijikunja mkekani nikasema tumbo limechafuka. Haukuwa uongo sana.

"Basi aende dada yako," akasema baba, akarudi kunyoa ndevu.

Nikaenda kumwamsha dada, nikamkuta keshavaa viatu. Nikampa ile miwani, bado ina mafuta ya kuku wangu, nikamnong'oneza asiitoe mfukoni mpaka profesa amuulize yeye mwenyewe habari za hema.