Ubao wa Ange Uliokosea Kugawanya

Ange Niyomwungere aliacha kazi ya kutengeneza mitambo ya redio Dodoma, akarudi Kitahana kumuuguza mama yake, Theodosia, aliyepooza mkono baada ya kiharusi. Majirani walimsikitikia. Binti wa wakimbizi wa Burundi, wazazi wamehangaika hadi wamepata uraia, naye kasomea elektroniki, leo anashika chaki sekondari ya kijijini! Kuna siku hata Ange mwenyewe alihisi kweli ameitupa elimu yake.

Ndipo akaunda ubao wa kugawanya, wa kufundishia hesabu. Ulikuwa na swichi, nyaya na taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka ni moja, ikizimika ni sifuri, na kwa hizo mbili tu unaandika namba yoyote. Ubao ulishusha tarakimu moja moja kama afanyavyo mtu kwenye daftari: ikitosha kutoa, unatoa na kuandika moja, isipotosha, unaandika sifuri na kusogea mbele. Taa za juu zilionyesha jibu, za chini baki.

Aliujaribu kwa kumi na mbili na vigawo vyake vyote. Haukukosea hata mara moja. Mwalimu mkuu, Makarius, akafurahi, akawatangazia wazazi waje kuuona.

Siku hiyo darasa lilijaa. Mama Gentille, muuza dagaa, akasema, "Mwalimu, tugawie kumi na tatu kwa nne."

Makarius akawasomea taa: tatu, baki moja. Makofi!

"Haya, kumi na mbili kwa tatu."

Taa zikasema tisa, baki moja.

Kicheko kikalipuka. Ange akabonyeza tena. Tisa, baki moja. Mama yake, aliyeletwa kwa bodaboda, aliinamisha uso.

"Mwalimu Ange, tuahirishe?" Makarius akamnong'oneza.

"Nipe dakika chache, mkuu."

Akauzima ubao, akauwasha, akauliza swali lilelile. Nne, bila baki. Kwa hiyo kugawanya unajua! Mbona basi ulikosea? Akarudi nyuma kimawazo hadi kwenye swali la kwanza la Mama Gentille, na hapo akashika kichwa.

"Ile moja iliyobaki haikufutika!" akasema kwa sauti. "Imebaki humu ndani, ikakaa mbele ya tarakimu za kumi na mbili, ikahesabiwa kumi na sita, jumla ishirini na nane. Mimi nilijaribu kwa vigawo vitupu, haviachi baki, ningejuaje?"

Akaomba chuma cha kulehemu. Wazazi wakala viazi na chai nje huku yeye akiunganisha waya mmoja kutoka kitufe cha kuanzia hadi sehemu inayotunza baki, ili kila swali jipya lianze na sifuri.

Waliporudi, Mama Gentille hakumwonea huruma. "Kumi na moja kwa mbili." Tano, baki moja. "Sasa kumi na mbili kwa tatu."

Ange akafumba macho. Akasikia makofi kabla hajayafumbua. Nne!

Akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, akicheka huku machozi yanamtoka. "Mana yanje! Mungu wangu!" mama yake akasema, akimpungia kwa mkono ule mzima.

Makarius akauliza kama wiki ijayo angeweza kuwafundisha kidato cha tatu kuunda wa kwao. Ange akaitikia haraka, kisha akaomba chai, maana tangu asubuhi hakuwa ameweza kumeza kitu.