Meno ya Picha na Kura za Mheshimiwa

Mkiniona nacheka nimefunika mdomo, wajukuu zangu husema ni adabu ya zamani, kumbe wala, ni aibu tu, aibu ya siku niliyotaka kumuua Mheshimiwa mbele ya Ijumbi nzima (sikutaka kumuua, ngojeni kwanza, nitafika huko), na yote hayo kwa sababu ya meno yangu mwenyewe.

Mwingereza alikuwa bado yupo, na mimi nilikuwa mke mpya, nimetolewa Bakoba, pale Bukoba mjini, nikaletwa huku Ijumbi, Muleba, kwa mume wangu, mwalimu Yonatani. Dada zangu walinisindikiza kwa kejeli. "Nenda tu," wakasema, "mwaka hautaisha utakuwa na meno meusi kama vibibi vya shamba, kwa kutafuna kahawa kutwa." Nikawaambia tutaona! Kila asubuhi nikawa nasugua meno kwa majivu mpaka fizi zinawaka.

Sasa Mheshimiwa. Huyu alikuwa mjumbe wetu wa Legiko, ndivyo tulivyoliita lile Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam, tangu enzi za kuteuliwa na Gavana. Ulipokuja uchaguzi wazee wakamchagua, na sasa alikuwa anarudi kuomba tena. Barabara ya Ijumbi aliyoiahidi miaka yote hiyo ilikuwa bado inapita mdomoni mwake tu. Safari hii alikuwa na mpinzani, kijana mmoja wa Buhembe anayeongea kama cherehani, kwa hiyo Mheshimiwa akakumbuka ghafla kwamba Ijumbi ipo, akatuma salamu kwa baba mkwe wangu, mzee wa kanisa aliyeheshimika sana, kwamba atakuja kusalimia. Tena atakuja na mpiga picha, apigwe picha na familia iliyomkaribisha.

Kusikia picha, mimi sikulala! Nikawaza moja tu: nakala iende Bakoba, dada zangu wayaone meno.

Kwetu Uhayani mgeni hukaribishwa kwa kamwani, zile buni zinazochemshwa na maganda yake zikakaushwa. Unazileta katika kikapu kidogo, unachukua moja, unatafuna wewe kwanza mgeni akikutazama, ndipo unampa na yeye. Kila mtu anajua maana yake: humu ndani hamna sumu. Mama mkwe akaamua nitoe mimi, na ilikuwa heshima kubwa kwa mke mpya. Lakini kamwani ukiitafuna inakuachia weusi katikati ya meno, na mpiga picha, Bwana Salehe, mtu wa mjini mwenye asili ya pwani, alikuwa ameshasimamisha kamera yake na kuniambia, "Shangazi, kwa meno hayo, picha hii nitaiweka dirishani dukani kwangu!"

Basi nikaamua sitafuni. Nani atanitazama, watu wote hawa wamekuja kumwona Mheshimiwa?

Nikapiga magoti, nikampa. Mheshimiwa akaipokea, akaipeleka mdomoni, mkono ukaishia hewani. Uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi, nadhani hata mbuzi wa jirani.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "mbona wewe hutafuni?"

"Nimeshatafuna jikoni, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima.

"Jikoni! Nani alikuona?"

Hapo ningesema ukweli, yangeisha kwa kicheko. Lakini niseme nini, kwamba meno yangu ni ya picha? Nikamnyang'anya ile buni (ndiyo, mgeni wa heshima, nimemnyang'anya mkononi!), nikaitupa mdomoni nitafune haraka nimalize, nayo ikapita njia isiyo yake. Nikapaliwa. Nikakohoa mpaka machozi, macho yamenitoka, nimeshika koo, naonyesha kwa mkono nipewe maji, na mama mmoja akapiga ukelele, "Yesu wangu, imemshika sumu yake mwenyewe!"

Jamani, watu walikimbia! Mabenchi yakapinduka, kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kikamwagikia viatu vya Bwana Salehe, naye Mheshimiwa, aliyekuja anachechemea na fimbo yake ya kizee, aliiacha fimbo na kufika kwenye gari kabla ya dereva. Nilipopata pumzi ya kusema "nimepaliwa tu" uwanjani tulikuwa tumebaki sisi wa nyumbani na vumbi.

Kicheko kiliishia hapo. Siku zilizofuata majirani walisalimia wakiwa wamesimama nje ya migomba, "tuna haraka, tuna haraka." Baba mkwe alikaa mlangoni na kikapu chake magotini, wenzake wa miaka mingi wanapita, hakuna anayenyoosha mkono. Hakunigombeza hata kidogo, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Kahawa ya nyumba hii haijawahi kukataliwa." Nilikwenda kulia nyuma ya jiko, maana huku nyumba ambayo watu hawapokei kahawa yake itakuja kukosa hata wa kuizikia wafu wake.

Na Mheshimiwa je? Alinawiri! Kufika Muleba akawa anasimulia kwamba alishameza buni moja, kufika Bukoba alishameza tatu na Mungu akamponya. Yule kijana wa Buhembe naye akakosea, akasema jukwaani mzee amechokwa mpaka anatiliwa sumu, wazee wenye kura wakakasirika. "Mtu ameponea chupuchupu kwa ajili yetu, halafu tumnyime kura?" Akashinda kwa kishindo ambacho hakuwahi kukipata alipokuwa mzima tu. Barabara hakuna aliyeiuliza.

Baba mkwe akachukua ile fimbo, akampelekea mwenyewe mpaka Bukoba. Hakuomba kitu kingine. "Waitu, umeshinda," alimwambia, "sasa njoo unywe aibu hii pamoja nami. Njoo upokee kahawa kwangu, watu wakuone."

Akaja kushukuru wapigakura, umati mara mbili ya mwanzo, wote wamekuja kunitazama mimi. Nikapiga magoti, nikatafuna. Nikatafuna kwa sauti, kama ng'ombe.

"Nyingine," akasema Mheshimiwa.

Nikatafuna nyingine.

"Meza. Fungua mdomo."

Nikafungua, mbele ya watu wote, mke wa mwalimu! Akachungulia, akaridhika, akachukua buni yake akaitia mdomoni. Vigelegele vikalipuka, mikono ikaanza kuingia kikapuni, ya kwanza ilikuwa ya yule mama wa ukelele, na baba mkwe akageuka pembeni kufuta macho. Moyo wangu ulijaa furaha, nikasahau kila kitu, na Bwana Salehe akaita, "Shangazi, tabasamu!"

Nikatabasamu, tena mdomo wote.

Picha iko sebuleni mpaka leo. Mheshimiwa ameshika fimbo yake, hatazami kamera, amenyoosha shingo anaangalia taya langu kama nimemeza kweli, na mimi nacheka meno meusi tii, utadhani nimekula makaa. Nakala ya Bakoba ilikwenda, mama mkwe aliituma mwenyewe bila kuniuliza. Tangu hapo niliapa, kahawa natafuna kwanza, awe mgeni mkubwa au mjukuu wa kunyonya, na mpiga picha akitokea nafunga mdomo. Mheshimiwa alirudi Legiko akakaa, barabara ikarudi mdomoni mwake ikakaa. Ile picha ndiyo kitu pekee alichowahi kukifikisha Ijumbi.