Mlango Hakuuacha Wazi

Leo nimekiri kosa langu, na aliyeumia amekataa kuniamini.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi wa viyoyozi hapa Tabora.

Kiyoyozi cha chumba cha baridi cha kuhifadhia chanjo hospitalini kilitoboka bomba la nyuma, lile linalotoa joto nje. Vipuri hakuna. Nikakunja jipya mwenyewe.

Urefu uleule, jamani! Ila mikunjo yake niliibana mno ili lienee kwenye kasha. Hewa haikupita katikati ya mikunjo, joto likabaki humohumo.

Chanjo zote zikaharibika.

Nesi Mwajuma, aliyekuwa akitunza chumba hicho, akaachishwa kazi, eti aliacha mlango wazi.

Mimi nilijua ni bomba langu. Nikanyamaza.

Leo nimekwenda kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Nimemweleza yote, hata nikamchorea lile bomba kwenye karatasi. Ameitazama, kisha akanirudishia.

"Asante kwa kunifariji, mdogo wangu. Lakini mlango niliuacha wazi mimi. Nimetubu miaka mingi."

Nimemwapia. Akatikisa kichwa tu, akanimiminia chai.

Mnaomfahamu, mwambieni nyinyi. Mimi nimechelewa.