Jivu Mikononi mwa Martina

Wifi yangu Martina ana mikono mibaya, na namwambia hivyo mbele za watu, maana mimi ni wifi yake na kazi ya wifi ndiyo hiyo. Viganja vyeusi, vidole vimepasukapasuka, ngozi ngumu kama soli ya kandambili. Amebangua korosho tangu usichana wake. Anazikaanga uani juu ya bati, anachovya vidole kwenye kopo la jivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze, kisha anazipasua moja moja. Jivu linasaidia, ila halimalizi. Lakini wewe mgeni ukimcheka kwa mikono hiyo, utakutana na mimi.

Mikono hiyo ndiyo iliyomfikisha fainali. Hapa kwetu, njia ya kwenda Kikole, kuna ukuta mrefu ulioachwa na padri mmoja Mbaski, mtu wa milimani huko kwao Ulaya. Alikuwa akimaliza misa anavua kanzu na kupiga mpira ukutani kwa kiganja kitupu. Mchezo wenyewe aliuita pelota. Unapiga, mpira unagonga ukuta juu ya mstari, na mwenzako lazima aurudishe kabla haujadunda chini mara mbili. Wa kwanza kufika pointi ishirini na mbili ndiye mshindi. Padri aliondoka zamani, halmashauri ikauchukua uwanja, ikamwaga sakafu ya saruji, na sasa kila mwaka baada ya msimu wa korosho kuna kombe la wanaume na la wanawake. Mpira ni mgumu, umeshonewa ngozi nyeupe ya mbuzi, na wachezaji hutoka viganja vimevimba. Vya Martina havivimbi.

Sheria moja haina msamaha: mkono uwe mtupu. Atakayekutwa amepaka utomvu au gundi hachezi tena maisha yake yote. Martina ana miaka thelathini na minane, na mara mbili alitolewa nusu fainali. Mwaka huu alituambia nyumbani, "Jina langu litaandikwa pale ukutani pamoja na majina ya mabingwa wenzangu, au msiniite tena mezani kula."

Siku ya fainali wanaume walicheza kwanza. Martina akakaa pembeni ya uwanja na kapu lake, anabangua, eti anatuliza roho. Alipoitwa jina akanyanyuka, akachovya mikono kwenye kopo la jivu kama anavyofanya kila anapoanza kazi, akaingia uwanjani. Mimi nilikuwa karibu naye na sikuona kitu. Sisi wabanguaji tunashika jivu kama wengine wanavyonawa, hatufikirii.

Anayekagua mikono ni mzee Erasmo, katibu wa mashindano.

"Shikamoo, mzee," Martina akasema.

Mzee hakuitikia. Macho yake yalikuwa viganjani. "Umepaka."

"Ni jivu tu, mzee. Mazoea ya kazi. Naomba maji ninawe."

Maji yakaletwa na kipande cha sabuni. Jivu likatoka, weusi ukabaki. Mzee Erasmo akausugua kwa kidole gumba. "Na huu utomvu je?"

"Huo ni mafuta ya korosho. Huo hautoki."

"Usinifanye mtoto. Toka uwanjani, na usirudi mwaka kesho wala mwaka mwingine."

Mimi nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu hilo jivu ningeliona mapema lingefutika kwa khanga yangu. Martina hakulia. Akakaa chini katikati ya uwanja, akanyoosha miguu kama yuko kwenye mkeka wake.

"Sitoki."

"Uwanja huu ni wa halmashauri!"

"Na hiyo saruji halmashauri iliipata wapi? Si ushuru wa korosho? Korosho nimeziokota kwa mikono hii, leo mikono hii ndiyo inawachafulia sakafu? Lete mpira mpya, mzee. Niufumbate mpaka uchoke wewe. Ukiwa na doa hata la ncha ya sindano, nainuka na sirudi."

Mpinzani wake, Hamida wa Tingi, binti wa miaka ishirini na miwili, akaweka mikono kiunoni. "Mzee, mpe mpira. Mimi sikupanda bodaboda kutoka Tingi kuja kumshinda mtu aliyekaa."

Watu wakacheka, na mzee Erasmo akatoa mpira.

Martina aliubana kwa viganja vyote viwili. Jua lilikuwa kali, jasho likamtiririka hadi viwikoni. Nilisali Salamu Maria kumi, kisha nikapoteza hesabu. Alipoufungua, mpira ulikuwa mweupe vilevile. Mzee akaugeuza, akaufuta kwa leso, akaiangalia leso. Hakuna kitu.

"Chezeni," akasema, kama aliyemeza kwinini.

Hamida ana mbio, na aliongoza mpaka kumi na tisa kwa kumi na sita. Hapo viganja vyake vikaanza kuvimba, akawa anavipuliza kila baada ya pointi. Martina alipiga na kupiga. Ishirini na mbili kwa ishirini. Hamida akamkumbatia, na mimi nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Mzee Erasmo akaja na kombe, amevaa koti lake jeusi la sherehe. Martina hakulipokea.

"Wifi," akaniita, "niletee kopo langu."

Nilikimbia nalo. Akachovya mikono yote miwili hadi vifundoni, ikatoka ya kijivu, akamnyooshea mzee mbele ya umati mzima.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akaitazama ile mikono, akalitazama koti lake. Martina hakuishusha. Mwishowe mzee akahamishia kombe kwapani na kutoa mkono wake, na wifi yangu akaushika kwa viganja vyote viwili, hadi kwenye mkono wa koti.

"Marahaba," akasema mzee Erasmo.