Mthamini Alipokipima Kidani Changu cha Harusi

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na usiutaje mtaa wangu. Gazeti lenu hufika mpaka huku kwetu, na wapo wazee wanaowasomea wenzao madukani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Nilizaliwa Unguja, mama yangu mtu wa Moroni, baba yangu mtu wa Mutsamudu, mji ulio kisiwa kingine. Nilipokuwa msichana mama alinirudisha Moroni kwenye nyumba yake, kwa kuwa kwetu nyumba ni ya mwanamke, na ndani ya nyumba hiyo nikaolewa. Nina binti mmoja, hapa nitamwita Zahara.

Wasiozijua mila zetu wanielewe. Mwanamume wa kwetu anaweza kuoa kwa ndoa ndogo, akazaa, akaota na mvi, lakini kama hajafanya harusi kubwa mbele ya mji bado anahesabiwa kijana. Akiifanya, anaketi mbele bangwe, ule uwanja wanakokutana wanaume wa heshima, na neno lake linasikilizwa. Mume wangu alihangaika miaka mingi ng'ambo, Majunga, na kwenye mashamba ya vanila mpaka akaifanya. Wanawake wa mji waliibeba dhahabu aliyonipa kwenye sinia wakiimba njia nzima. Kulikuwa na kidani kilichonifunika kifua chote, na vikuku. Mama yangu, Mungu amrehemu, alilia kwa furaha siku ile. Mimi pia.

Mwaka huu baba aliugua, nikaenda Mutsamudu kumuuguza. Paa la nyumba yetu lilikuwa linatengenezwa, mafundi wanaingia na kutoka, kwa hiyo nikasema nitaondoka na dhahabu yangu. Mume wangu alinizuia. "Iache tu, utajichosha bure," alisema. Nikadhani ananihurumia mzigo. Nilikwenda nayo, nikaiweka ndani ya sanduku la baba pamoja na vikuku vya bibi mzaa baba, na ufunguo ukakaa kwangu.

Baba akafariki. Alikuwa mfanyabiashara mwenye duka na shamba, basi ofisi ya Wafaransa ilitaka kujua thamani ya mali yake ili itoze kodi, na kadhi naye alitaka thamani hiyo hiyo ili atugawie warithi. Chumba cha baba, sanduku likiwa ndani, kikafungwa kwa lakiri mpaka mthamini aje. Mthamini mwenyewe alikuwa sonara mmoja mtu mzima, aliyechaguliwa na kadhi. Alikuja na karani. Tulikuwepo mimi, kaka yangu wa kwa baba, na majirani wawili wa kushuhudia.

Sonara alianza na vikuku vya bibi. Alivisugua juu ya jiwe jeusi vikaacha mstari, akaudondoshea tindikali, mstari ukabaki uleule. "Dhahabu safi," akamwambia karani. Kisha akakitoa kidani changu. Nilikuwa nafungua kinywa kusema hicho ni changu, lakini tayari alikuwa amekisugua. Mstari ukatoka povu la kijani, ukafutika. Akajaribu upande wa pili. Akajaribu na vikuku vyangu.

"Hii ni shaba iliyochovywa dhahabu," alisema polepole, bila kumtazama mtu.

Kaka yangu alinigeukia. "Bibi aliacha kidani cha dhahabu. Kiko wapi?"

"Baba alikiuza zamani, aliponunua shamba," nikamjibu.

"Nani shahidi wako? Ufunguo ulikuwa kwako, dada. Umekichukua cha kweli, umetuwekea hiki."

Ningeweza kulimaliza pale pale kwa neno moja: ni changu, nilipewa na mume wangu. Lakini mmoja wa majirani wale ana shemeji Moroni, na karani alikuwa ameshika kalamu anasubiri. Kadhi aliposikia, akasema atatuita baada ya arobaini ya baba, na mimi nitaapa kwa msahafu.

Nikapanda meli kurudi Moroni. Mume wangu nilimkuta anakunywa chai. Nilimweleza yote. Hakushangaa, na hapo moyo wangu ukavunjika kabla hajasema lolote.

"Bei ya vanila ilianguka na siku ya harusi ilikwisha tangazwa," alisema. "Ningefanya nini, mama Zahara? Watu walikuja kutazama, hawakuja kupima."

"Na mimi? Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungekivaa vile ulivyokivaa?"

Akaniomba nikamwambie kadhi kwamba nilikinunua mwenyewe Unguja, nikadanganywa na mchuuzi. "Wewe watakucheka, kisha watasahau. Mimi nikianguka bangwe, siinuki tena. Na Zahara nani atamposa?"

"Nitaapa uongo, baba Zahara?"

Tangu hapo hatujalizungumza tena, ila kila alasiri namwona akitoka na joho lake, na wanaume wanampisha akae mbele.

Ndugu wasomaji, kinachoniuma si shaba. Angeniambia, ningeivaa na siri ningeizika naye. Sasa arobaini inakaribia. Nikisema kweli, nitamvua mume wangu heshima aliyoitafuta ujana wake wote, na binti yangu ataolewa kwa fedheha. Nikinyamaza, Mutsamudu yote itaamini nilimwibia baba yangu akiwa kitandani, na mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha. Nikisema uongo nitaokoa watu wote isipokuwa nafsi yangu mbele ya Mungu. Mama hayupo nimuulize, na hapa mjini sina ninayeweza kumfungulia kinywa.

Nyinyi hamtujui wala hamna upande. Nipeni shauri lenu: nikiuweka mkono juu ya msahafu, niseme kidani kile ni cha nani?