Stylus tatu, tablet moja na sura ya shosho: yaliyonipata Embu

Wakuu, heshima zenu. Huu ni ukweli mtupu, na mahali nitaonekana mjinga jueni sijapunguza kitu.

Naishi Majimbo, Embu, na nachora kwa tablet, kwa ile kalamu yake inayoitwa stylus. Mama haiiti kazi.

Majuzi akanipa sharti. Shosho, nyanya yangu wa Siakago, anafikisha miaka tisini, kutakuwa na ibada ya shukrani, nimchore. Shosho akipenda, niendelee. Asipopenda, naenda kuchuma muguka, ile miraa ya huku kwetu, shambani kwa mjomba. Na mimi muguka naijua kwa kutafuna tu.

Stylus ya kwanza nilinunua kwa muuza phone accessories karibu na stage ya matatu. Ncha ya mpira, nene kama kidole gumba. Ukilenga jicho unapata sikio. Siku hizi mama anafungulia nayo WhatsApp akiwa na unga mikononi.

Ya pili inachajiwa, ncha nyembamba. Muuzaji aliijaribu kwa kutia sahihi yake haraka haraka, ikatoka safi, nikalipa kama kondoo.

Wakuu, kila stylus inajua kusaini. Nyumbani nikavuta mstari wa mshazari polepole, ukatoka na mawimbi. Nilipomchora shosho nayo, alitoka akitetemeka mpaka meno.

Ya tatu ndiyo iliyotengenezewa hii tablet yangu. Bei yake ilinifanya nilie kidogo. Inajua umekandamiza kiasi gani, na kiganja kikigusa screen haijali. Nilimchora shosho laini, kitambaa cheupe, macho yakitazama juu, mwanga nyuma ya kichwa. Nilijiona mkali sana.

Nikaprint picha zote mbili, ile mbovu nikaibeba ndio waone tofauti.

Siku ya ibada, shosho aliishika ile nzuri muda mrefu. Akauliza kwa Kimbeere, nawatafsiria:

"Mmenizika lini?"



Ndio nikakumbuka. Huku kwetu mzee akipewa picha kubwa peke yake, imepambwa hivyo, ni ya jalada la programu ya mazishi. Na mimi hadi mwanga wa mbinguni nilikuwa nimeweka. Mama alinitazama, nikajiona tayari nina gunia mgongoni.

Shosho akavuta ile ya mawimbi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Huyu bado anabishana."

Ikazungushwa kwa wageni wote. Mama hajataja muguka tena.

Aibu ilinishika, nikataka kuichana ile nzuri. Shosho akanizuia.

"Hiyo weka vizuri. Siku yake inakuja, na sitakuwepo kukuambia imenipendeza."

Funzo: kabla hujalipa, nenda na tablet yako mwenyewe, vuta mshazari polepole. Na mwenye sura muulize anataka kuonekana vipi, usijifanye unajua.

Wachoraji wa humu, mnatumia stylus gani? Na kama kuna aliyewahi kukabidhiwa picha ya mazishi na mwenyewe akiwa bado hai, aniambie aliiweka wapi. Yangu nimeihamisha mara nne.